Nani Aingie kwa Romana?

Gogo la mninga walilokalia lilianguka kutoka kwenye lori la wapasua mbao mwaka ule watu walipohamishiwa kijiji kipya cha Mshikamano. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kulinyanyua, wakaamua kulikalia. Kasimu wa Karema akaja akaweka jiko lake la mkaa mbele yake, na buli la kahawa juu ya jiko, na gogo likawa baraza. Zahanati ya kijiji ilikuwa ng'ambo ya barabara, hatua sitini hivi. Asubuhi hiyo ya mwezi wa pili, mwaka wa sabini na tano, mvua ilikuwa imepumzika na wanawake wote wenye nguvu walikuwa wamekwenda bondeni kupalilia mpunga wa shamba la kijiji. Zamu ya wanaume ilikuwa Alhamisi. Ndivyo walivyosema wale watatu waliokuwa gogoni, ingawa kila Alhamisi migongo yao huwauma.

Katikati alikaa mzee Anselmo, aliyeitwa Hakimu, kwa sababu ujanani alikuwa tarishi wa mahakama Mpanda, akabeba mafaili mengi mpaka akajiona ameyasoma. Kulia kwake alikaa Maduhu, Msukuma mwenye ng'ombe, aliyeitwa Dokta, maana hakuna ndama aliyezaliwa kijijini bila yeye kutia mkono. Kushoto alikuwa Isidori, aliyeitwa Redio. Redio anayo kweli, lakini betri zake zilikufa Krismasi, na tangu siku hiyo yeye mwenyewe ndiye anayetangaza.

Faustini alitoka dukani nyuma ya gogo akitembea mbiombio. Mfuko wa shati lake ulikuwa na vitu viwili, wembe mpya na kibonge cha uzi mweupe. Alikusudia kupita bila kusimama.

— Faustini, mwanangu! Mbona unakimbia kama umeiba? aliita Hakimu.

— Romana kashikwa na uchungu, baba. Tangu alfajiri. Shikamooni.

— Marahaba. Basi kaa. Habari kama hiyo haitolewi mtu akiwa amesimama.

Faustini alikaa, kwa adabu tu, ukingoni kabisa mwa gogo. Kasimu akampa kikombe. Alikipokea bila kukitazama, kahawa ikamwagikia goti.

— Nani yuko naye? aliuliza Maduhu.

— Nesi. Lakini nesi Immaculata ana mtoto wa degedege chumba cha pili, anakimbia huku na huku. Kaniambia hivi: huu ni uzazi wake wa kwanza, safari yake ndefu. Anahitaji mtu wa kumshika mgongo, kumpa maji, kumtia moyo. Akichoka kabla ya wakati tutapata shida, na gari la kumpeleka Mpanda halipo, barabara imekatika. Kasema nitafute mwanamke.

— Mama mkwe wako je?

— Mama Pelagia walimpeleka kijiji kile cha Kasansa, siku ya kuhamishwa. Sisi tukaletwa huku. Mto umejaa, hawezi kuvuka. Nimegonga milango saba. Nimekuta mbuzi, na bibi mmoja haoni.

— Sasa?

Faustini aliangalia kikombe chake.

— Nesi kasema nikikosa mwanamke, nirudi mimi.

Hata Kasimu aliacha kupuliza mkaa.

— Wewe? alisema Redio. — Wewe mwanamume? Uingie mle?

— Ndivyo alivyosema.

— Nesi huyo kasomea wapi?

— Mimi sijui, mzee. Sijui kitu. Sijawahi kuona mtu anazaa. Mwanamke anashikwaje mgongo? Kwa nguvu? Taratibu? Naogopa nitamuumiza.

Hakimu alikohoa, kikohozi cha mtu anayeanza hukumu.

— Kwanza punguza haraka. Wazee walisema, kuzaa si kazi, kazi kulea. Maana yake nini? Maana yake hapa bado hakuna kazi. Kazi itakuja baadaye.

— Lakini analia, baba.

— Anajizoeza. Na hicho mfukoni nini?

— Wembe. Na uzi. Sanduku la dawa halijafika kutoka Mpanda, nesi hana hata uzi. Kaniagiza ninunue, wa kufungia kitovu.

Hakimu aliweka kikombe chini polepole.

— Wa nini?

— Wa kufungia...

— Jamani mmesikia! Mwanamke anatakiwa afunguke, mume wake anampelekea cha kufungia!

Faustini aliushika mfuko wa shati lake. Jambo hilo hata yeye alilijua, amelelewa nalo: mwanamke akishikwa na uchungu, nyumbani hufunguliwa kila kilichofungwa. Kamba ya mbuzi, mdomo wa gunia, hata nywele zake mwenyewe hufumuliwa. Alfajiri ile alikuwa ameacha gunia la maharage limefungwa kwa kamba ya katani, mafundo mawili. Hakukumbuka. Alikuwa anatafuta viatu.

— Sasa mtoto akitoka, kitovu watafunga kwa kahawa? aliuliza Kasimu.

— Hiyo ni kesi nyingine, alijibu Hakimu. — Mahakama husikiliza kesi moja moja. Kwanza afunguke, halafu ndiyo tufunge.

— Basi auache uzi hapa gogoni, alisema Redio. — Mtoto akilia tutamsikia, tunaupeleka mbio.

— Ng'ombe hafungwi uzi, alisema Maduhu. — Anazaa, anakata, analamba, kwisha.

— Nesi Immaculata amlambe mtoto? aliuliza Redio.

— Mimi nasema ng'ombe. Usinichanganye na serikali.

— Nyie, nipeleke au nisipeleke? Faustini alisimama. — Nesi anausubiri.

— Kaa, kijana. Hukumu yangu ni hii. Uzi wenyewe si fundo. Lakini huo umezungushwa, umebanwa, na hapo mwishoni umeingizwa kwenye karatasi. Umefungwa huo! Ufungue wote, ulegee, ndiyo upeleke.

Kama si kuchanganyikiwa, Faustini angeondoka hapo. Lakini tangu alfajiri kila mtu alikuwa amemwambia la kufanya, na kila alichoambiwa alikifanya, na kila alipomaliza palikuwa na jingine. Akatoa kibonge. Redio akashika ncha moja, Maduhu akashika kibonge, wakaanza kuukunjua uzi kutoka mwanzo wa gogo mpaka mwisho, wakarudi, wakaenda tena. Uzi wa senti hamsini huwa mrefu kuliko mtu anavyodhani. Kuku akapita katikati. Redio akamfukuza kwa mguu, mguu ukaburuta uzi, Maduhu akavuta upande wake, na mambo yote yalipotulia, pale juu ya gogo palikuwa na kitu mfano wa kiota cha ndege. Hakuna aliyeweza kuhesabu mafundo yake.

Wote watano walikitazama.

— Sasa ndiyo umefungwa, alisema Kasimu.

— Tusilaumiane, alisema Hakimu. — Mchelea mwana kulia hulia yeye.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Mwana, kulia. Vyote vimo. Na wewe Kasimu, badala ya kuuliza, jiko lako umelifunga waya. Fungua!

Kasimu alifungua waya wa jiko, mguu mmoja ukalegea, buli likainama. Maduhu akafungua kifuko chake cha tumbaku. Redio akafungua kamba za viatu. Kisha Kasimu, akilishikilia buli lake kwa kitambaa, akamtazama Hakimu kiunoni.

— Na hiyo kamba ya suruali, mheshimiwa?

— Huu ni mkanda.

— Ni kamba. Tena ina fundo. Naliona.

Hakimu aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Akageukia upande wa duka, akafungua, akageuka tena akiwa ameshika suruali kwa mkono wa kushoto. Kuanzia hapo alitoa hukumu zake kwa mkono mmoja.

Sauti ikatoka zahanati. Haikuwa kubwa. Ilianza chini, ikapanda, ikakaa huko juu muda mrefu, halafu ikakatika. Faustini aliijua sauti ya Romana ya kuimba kanisani, ya kumwita kutoka mtoni, ya hasira chumvi ikiisha. Hii hakuwahi kuisikia. Alisimama tena.

— Nakwenda.

— Uende ukafanye nini? aliuliza Maduhu. — Unajua?

— Sijui.

— Basi kaa nikufundishe. Ng'wanawane, mwanangu, mimi nimezalisha ng'ombe mia na zaidi. Kwanza, usimkabili usoni, atashtuka. Pita ubavuni. Pili, mpigie mluzi, mluzi mrefu, siyo wa kuita mbwa. Tatu, asilale kuelekea mto unakotoka maji, mtoto atapanda badala ya kushuka.

— Mto uko upande gani wa zahanati?

— Sasa hiyo ndiyo shida. Uko pande mbili.

— Dokta, Romana si ng'ombe, alisema Faustini, na sauti yake ilikuwa karibu na machozi.

— Sijasema ni ng'ombe. Ng'ombe angekuwa amemaliza.

Redio alinyoosha mkono kama mwanafunzi.

— Kabla hujaingia, kuna jambo la serikali. Mgeni yeyote anayelala kijijini, balozi wa nyumba kumi ajulishwe kabla jua halijazama. Huyo mtoto atalala hapa leo. Umemjulisha balozi?

— Bado.

— Unaona!

— Balozi wenu si wewe? aliuliza Kasimu.

— Ndiyo mimi.

— Basi umejua.

— Nimejua kama Isidori. Kama balozi bado sijaletewa.

— Nakujulisha, balozi, alisema Faustini harakaharaka. — Kuna mgeni anakuja.

— Jina lake nani? Anatoka wapi? Atakaa muda gani?

Maswali hayo, ukiyaangalia vizuri, yalikuwa magumu kweli.

— Mwache kwanza, alisema Hakimu. — Hapa tunazunguka jambo lenyewe. Mtoto akikawia, kuna kitu kimefichwa. Hata wazee wa mama yako wanajua hilo. Mume akiwa na mambo ya pembeni, njia haifunguki mpaka ataje. Faustini, taja.

— Nitaje nini?

— Majina.

— Sina majina, baba. Nimemwoa Romana mwaka jana tu.

— Mwaka mzima huo! Hakuna mtu asiye na kitu. Tafuta.

Walimsogelea. Hata Kasimu alisogea na buli lake lililoinama. Faustini alitafuta kweli. Alipita moyoni mwake kama mtu anayetafuta sindano gizani, na kitu alichokigusa kikamchoma.

— Nilikula mayai yake.

— Mayai?

— Mama Klementina, jirani yetu, alimletea mayai kumi na moja, ale apate nguvu. Mimi nikamwambia wewe Hakimu umesema mjamzito akila mayai mtoto anatoka kipara. Akayaacha. Akaniambia nimpe mtu. Nikayapeleka kwenye dungu la kulindia mpunga, nikayachemsha, nikayala mwenyewe. Mawili mawili. Lile la mwisho nililila peke yake.

— Yote?

— Alikuwa anayatamani, baba. Alikuwa anayaangalia.

Hakuna aliyecheka. Maduhu alivuta tumbaku. Hakimu alipandisha suruali yake kidogo.

— Hilo si kosa. Ulimwokoa mtoto.

— Basi kwa nini linaniuma?

— Linakuuma kwa sababu ya mayai yenyewe. Kumi na moja mengi.

Sauti ikaja tena kutoka ng'ambo, na safari hii ndani yake mlikuwa na neno, lakini umbali ulilimeza. Faustini alipiga hatua tatu kuelekea barabarani. Kasimu ndiye aliyemzuia, na Kasimu mpaka wakati huo alikuwa ndiye mwenye akili kuliko wote.

— Ngoja, ndugu yangu. Mimi sikutaka kusema, lakini roho yangu haitatulia. Kule kwetu Karema kuna mvuvi alimshika mkewe mpaka mwisho. Mwaka mzima dagaa wakamkimbia. Anawasha taa, wanakuja, wanamtazama, wanageuka.

— Walijuaje?

— Harufu.

— Mimi mkulima wa mpunga.

— Mpunga nao una masikio, alisema Maduhu.

— Na redioni walisema, aliongeza Redio, — huko Ulaya wanaume wanaingia, wanazimia. Sasa madaktari wana wagonjwa wawili, na mtoto akikua anazimia ovyo, hata shuleni, hata akiitwa jina.

— Walisema lini?

— Kabla ya betri.

Faustini alirudi kukaa. Aliweka kichwa mikononi. Akienda, dagaa, mpunga, kuzimia. Asipoenda, Romana achoke, na barabara imekatika. Alitaka mtu mmoja tu amwambie kitu kimoja kilichonyooka.

— Nisaidieni, alisema. — Naombeni. Nifanye nini?

Wote watatu walimtazama Hakimu. Naye aliona hapo pametakiwa neno kubwa, na neno kubwa likamjia.

— Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ndiyo au siyo?

— Ndiyo.

— Mzazi nani?

— Romana.

— Na wewe?

— Na mimi.

— Basi uchungu ni wenu wote wawili, na mpaka sasa anaubeba mmoja! Ndiyo maana haumaliziki. Huna haja ya kuingia mle. Lala hapa hapa, uugulie. Utatoka kwake, utakuja kwako, mgawane nusu kwa nusu. Huu si ndio ujamaa?

— Hapo umesema, alisema Redio.

— Ng'ombe dume hafanyi hivyo, alisema Maduhu, — ila labda ndiyo maana ndama wengine wanakufa.

Faustini aliwatazama mmoja mmoja akitafuta anayetania. Hakumwona. Basi akashuka kwenye gogo, akalala chini kwenye udongo uliolowa, akakunja magoti, akaugulia. Mara ya kwanza sauti ilikuwa ya aibu.

— Kwa nguvu, alisema Hakimu. — Nusu ni nyingi.

Akaugulia kwa nguvu. Tope lilimwingia sikioni. Alifumba macho akamfikiria Romana na akaugulia tena, na ya tatu hiyo haikuwa ya kujifanya.

Wakati huo ndipo mgeni alipofika. Alikuwa mrina asali kutoka Ugalla, njiani tangu juzi, baiskeli amefunga madebe mawili nyuma, na sehemu zenye maji alikuwa ameibeba begani. Alisimama, akaegemeza baiskeli kwenye gogo, akatazama: mtu anayegaagaa matopeni, mzee aliyeshika suruali, muuza kahawa anayekumbatia buli, na uzi mwingi.

— Hodi wenyewe. Huyu kaumwa na nyoka?

— Karibu. Hapana. Mkewe anajifungua.

— Aa. Mgeni alivua kofia. — Anajifungulia wapi?

— Pale, Redio alionyesha kwa kidole.

Mgeni alitazama zahanati. Akatazama barabara, haikuwa na mto wala mbwa mkali. Akamtazama Faustini aliyekuwa ameinua kichwa.

— Na mama mwenyewe, kasema anataka nini?

Redio alimtazama Maduhu. Maduhu alimtazama Hakimu. Hakimu alifungua mdomo kutafuta methali, na zote alizokuwa nazo zilikuwa zimekwisha.

— Hajaulizwa, alisema Kasimu mwishowe.

— Na huyu mumewe?

— Mimi niliambiwa na nesi, alisema Faustini kutoka chini. — Romana mwenyewe... nilimwacha ameshika kitanda. Nikatoka mbio. Sikumuuliza.

— Aa, alisema mgeni. — Kahawa ipo?

Kasimu aliinamisha buli. Matone mawili yalitoka, la tatu likakataa.

Faustini alikwisha kusimama. Alikusanya kile kiota cha uzi kwa mikono miwili, hakujifuta tope, akavuka barabara. Nyuma yake alisikia Hakimu akisema kwamba hata hivyo swali lile halikuwa la kisheria. Hakugeuka.

Nesi Immaculata alimkuta mlangoni. Aliuangalia uzi, akamwangalia yeye kuanzia sikioni mpaka miguuni. Alikata vipande vilivyonyooka kidogo, akavitia kwenye sufuria ya maji yanayochemka, akamwonyesha ndoo na sabuni.

— Nawa mpaka viwikoni. Uso pia. Halafu ingia.

Alinawa. Maji yalikuwa ya baridi, lakini sabuni ilifanya kazi yake. Akaingia.

Romana alikuwa amepiga magoti sakafuni juu ya mkeka, mikono yake miwili imeshika chuma cha kitanda, kanga imelowa mgongo mzima. Nywele zilikuwa zimemganda shingoni. Alipogeuza uso, Faustini aliona kwamba amechoka kweli, na kwamba anaogopa, jambo ambalo hakuwahi kuliona kwake. Moyo wake ukamletea maneno yote kwa pamoja: mluzi, mto, balozi, mayai. Aliyaacha yapite.

— Romana, unataka nini?

Alimtazama kama vile amemsemesha kwa lugha ya mbali. Tangu alfajiri alikuwa ameambiwa asali, avumilie, asukume, asisukume bado, asipige kelele. Alivuta pumzi, maumivu yalikuwa yanaanza kupanda tena, na alitumia ile nafasi ndogo iliyobaki.

— Kaa nyuma yangu nikuegemee, alisema. — Na usiniambie kitu.

Faustini alitaka kujibu ndiyo. Akajizuia, akakaa.